Kasoro za bidhaa za plastiki: kusoma dalili kuanzia kwenye malighafi

Kipande chenye kasoro kinapotoka kwenye kalibu, mkono wa fundi huenda moja kwa moja kwenye vitufe vya mashine: huongeza joto, hupunguza mwendo, huzidisha shinikizo. Mara nyingine kasoro hutoweka, lakini mara nyingi hujificha kwa saa chache kisha ikarudi kwa sura nyingine. Mwongozo huu unaanzia upande wa pili, yaani kwenye malighafi yenyewe, kwa sababu kasoro nyingi zinazohangaisha viwanda ni ushahidi wa kitu kilichomo ndani ya mchanganyiko, au wa jambo lililoupata mchanganyiko huo kabla haujafika kwenye mashine.

Kilichomo ndani ya mfuko

Malighafi ya kufyatulia bidhaa za plastiki, iwe unga au punje, ni mchanganyiko. Msingi wake ni resini, ambayo ndiyo inayoshikanisha vitu vingine vyote. Pamoja nayo huwamo vijazio, kwa mfano unga wa mbao, selulosi, talki, chokaa au nyuzi za kioo, ambavyo huongeza ugumu, hupunguza kusinyaa na mara nyingi hupunguza gharama, vilainishi kama steareti ya zinki, vinavyosaidia mchanganyiko kuteleza ndani ya mashine na kutoka kwenye kalibu bila kunata, rangi, na vidhibiti vinavyozuia joto, mwanga na hewa visiiharibu resini. Kiambato kimoja hakiandikwi kwenye mfuko, nacho ni maji. Hicho ndicho kinachosababisha hasara nyingi kuliko vyote vilivyoandikwa.

Kabla ya kutafuta chanzo cha kasoro yoyote ni lazima kujua malighafi ni ya jamii ipi. Themoplastiki huyeyuka kwa joto na kuganda kwa baridi, na jambo hilo linaweza kurudiwa: polipropilini, polithini, polistairini, ABS, nailoni, polikaboneti, PET na PVC zote ni za jamii hii. Themoseti hulainika mara moja tu, kisha molekuli zake hufungana kwa kemia na haziachani tena. Hapa wamo fenoli, yurea na melamini zilizounganishwa na formaldehaidi, pamoja na poliesta isiyoshiba na epoksi. Tofauti hii hugeuza tiba. Kalibu ya themoplastiki huwa baridi kuliko plastiki inayoingia, na kipande hutolewa kikishapoa. Kalibu ya themoseti huwa ya moto kuliko unga unaoingia, na kipande hutolewa kikishaiva, yaani molekuli zake zikishafungana, kingali cha moto. Fundi aliyezoea jamii moja akihamia nyingine bila kubadili fikra, huongeza pale anapopaswa kupunguza.

Malengelenge juu ya bidhaa za themoseti

Bidhaa za fenoli ndizo mfano mzuri zaidi wa kuanzia. Mkemia mzaliwa wa Ubelgiji, Leo Baekeland, alitengeneza bakelaiti nchini Marekani mwaka 1907, na unga wa fenoli wa leo bado ni ndugu wa karibu wa ule wa kwake. Resini yake, inayoitwa novolaki, hutengenezwa kwa formaldehaidi pungufu kuliko fenoli, kwa hiyo haiwezi kuiva yenyewe hata ikipashwa moto kwa muda mrefu. Kinachoiivisha ni heksamini, unga mweupe unaochanganywa humo ili ulete upungufu huo wakati wa joto. Heksamini inapovunjika hutoa gesi ya amonia, na unyevu wowote uliomo ndani ya unga wa mbao hugeuka mvuke. Gesi hizo mbili zinatakiwa zitoke kabla kipande hakijafunga uso wake. Zisipotoka, zitainua uso huo, na hilo ndilo lengelenge.

Hata hivyo malengelenge yanayofanana machoni huweza kuwa na vyanzo vinavyopingana, na kosa la kawaida ni kuyatibu yote kwa namna moja. Njia ya kuyatofautisha ni kukata kipande kwa msumeno, kikishapoa, mahali palipovimba. Ikiwa ndani kumefifia, kunasagika chini ya ukucha na kunatoa harufu kali ya amonia, ilhali uvimbe ulitokea kalibu ilipofunguliwa tu, basi kipande hakikuiva: gesi ilikuwa imezuiwa na shinikizo la kalibu, na shinikizo lilipoondoka kiini kilichokuwa bado laini kikavimba. Tiba yake ni kuongeza muda, hasa kwa vipande vinene, kwa kuwa themoseti hupitisha joto polepole na katikati huchelewa sana kuiva. Ikiwa ndani ni kugumu, kunang'aa na kumeiva sawasawa, lakini kuna uwazi mdogo chini tu ya uso, basi kipande kiliiva upesi mno kwa nje na kikaifungia gesi ndani. Hapo kuongeza joto kutazidisha ubaya. Linalotakiwa ni kupunguza joto la kalibu, au kuifungua kidogo kwa sekunde moja au mbili mara baada ya kuifunga ili gesi ipumue, kisha kuifunga tena kwa shinikizo kamili.

Kwa kawaida unga wa fenoli hufyatuliwa kwenye kalibu yenye joto la nyuzi 150 hadi 190 za Selsiasi, na ule wa melamini nyuzi 150 hadi 170 hivi. Yurea inataka joto dogo zaidi, kati ya nyuzi 130 na 155, na haivumilii kuzidishiwa: ikipita hapo hupauka, hupata mabaka na kuanza kuvunjika kikemia. Anayetumia mashine moja kwa michanganyiko yote mitatu apime joto la uso wa kalibu kwa kipimajoto cha mkononi, pande zote mbili na pembeni, asitegemee namba inayoonyeshwa na kidhibiti, kwa sababu kihisi cha kidhibiti hukaa mbali na uso.

Kupasha unga joto kabla ya kuuingiza husaidia kuliko marekebisho mengi ya mashine. Vidonge vilivyoshindiliwa kutokana na unga, vikipashwa kwa mawimbi ya redio ya masafa ya juu hadi karibu nyuzi 100, hupoteza sehemu ya unyevu wao, huingia kwenye kalibu vikiwa na joto linalolingana hadi katikati, na muda wa kuiva hupungua sana.

Kama bado kuna shaka juu ya kuiva, kipande kichemshwe ndani ya maji kwa nusu saa. Bidhaa ya fenoli iliyoiva hutoka karibu kama ilivyoingia. Isiyoiva hupoteza mng'ao, huvimba na pengine hupasuka. Ni jaribio la zamani, halihitaji maabara, na kwa maoni yangu linastahili kufanywa mwanzoni mwa kila zamu.

Kipande hakikujaa

Hapa kuna maswali mawili tu yenye uzito. Kwa themoseti, swali ni umri wa unga. Resini haijalala kabisa ndani ya ghala: inaendelea kuiva polepole, na ghala likiwa la joto huiva haraka zaidi. Unga uliozeeka hulainika kwa shida, hautiririki mbali, na huwa mgumu kabla haujafika kwenye pembe za kalibu. Kuzidisha shinikizo hakuuponyi. Michanganyiko ya poliesta yenye nyuzi za kioo ina tatizo la ziada, kwa kuwa stairini iliyomo ndani yake huvukiza. Kifungashio kikiachwa wazi mchanganyiko hukauka na kuwa mgumu mkononi, na kiungo kinachopaswa kuunganisha molekuli kinakuwa kimeshapotea hewani. Michanganyiko hiyo ifungwe vizuri na iwekwe mahali pa baridi, na iliyotangulia kuingia ghalani itangulie kutumika.

Kwa themoplastiki, swali ni kiwango cha mtiririko. Kiwango hicho hupimwa kwa kuhesabu gramu zinazopita kwenye tundu dogo kwa dakika 10 chini ya uzito maalumu. Kwa polipropilini kipimo hufanywa kwenye nyuzi 230, na kwa polithini kwenye nyuzi 190, kwa kawaida kwa uzito wa kilo 2.16. Polipropilini ya mabomba huwa na kiwango kilicho chini ya 1, ilhali ile ya vyombo vyenye kuta nyembamba huzidi 30. Zote mbili ni polipropilini, mifuko yao hufanana, na moja ikiingia mahali pa nyingine hakuna marekebisho ya mashine yatakayoziba pengo hilo. Aliyenunua shehena mpya na akaona vipande havijai kwa mipangilio iliyofanya kazi jana, aisome karatasi ya vipimo ya shehena kabla hajagusa kitu kingine.

Michirizi ya fedha na unyevu

Michirizi myembamba inayong'aa kama fedha, inayotawanyika kuanzia mahali plastiki inapoingilia kwenye kalibu, ni dalili inayojulikana sana ya unyevu kwenye themoplastiki. Maji yaliyomo ndani ya punje hugeuka mvuke kwenye silinda, yaani bomba la moto la mashine ambamo skrubu huisukuma plastiki, hutokeza mapovu madogo, na mapovu hayo huburutwa juu ya uso wa kalibu. Lakini michirizi ya namna hiyo inaweza pia kutoka kwa hewa iliyonaswa na skrubu, au kwa resini iliyoanza kuungua. Tofauti huonekana kwa kusukuma plastiki iliyoyeyuka nje, hewani, mbali na kalibu, kisha kuitazama inavyotua. Ikitoka ikiwa na povu laini lililoenea kote na sauti ndogo ya kuchemka, ni maji. Ikitoka safi kwa sehemu kubwa na kupasuka hapa na pale kwa viputo vikubwa, ni hewa, na dawa yake ni kuongeza kidogo shinikizo la nyuma la skrubu, yaani ukinzani inaoupata inaporudi nyuma. Ikitoka imebadilika rangi na ina moshi au harufu ya kuwasha, imeungua.

Lipo jaribio jingine ambalo halihitaji mashine hata kidogo. Vipande viwili vya kioo cha hadubini huwekwa juu ya bamba la moto lililofikia nyuzi 260 hadi 280 hivi, na baada ya dakika moja au mbili punje nne au tano za polikaboneti au nailoni huwekwa juu ya kimoja wapo. Kioo cha pili huletwa juu yake kwa koleo na kukandamizwa hadi punje ziwe madoa bapa, mapana kama ukucha wa kidole kidogo. Vioo hutolewa, huachwa vipoe, na madoa hutazamwa kuelekea kwenye mwanga. Punje kavu hutoa doa lililo wazi kabisa. Punje zenye maji hutoa doa lililojaa viputo, na viputo vikiwa vingi ndivyo unyevu ulivyo mwingi. Kiputo kimoja au viwili mara nyingi ni hewa iliyonaswa tu. Dakika tano za kazi hii zinaweza kuokoa zamu nzima.

Kila resini ina kiwango chake cha ukavu. ABS hukaushwa kwenye nyuzi 80 hadi 85 kwa saa mbili hadi nne, mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 0.1. Nailoni hukaushwa karibu na nyuzi 80 na hutakiwa iwe chini ya asilimia 0.2. Polikaboneti hutaka nyuzi 120 kwa saa tatu au nne, ishuke chini ya asilimia 0.02. PET ni kali kuliko zote, kwa kuwa hutakiwa iwe chini ya asilimia 0.005, na ukavu huo haupatikani kwa tanuri la kawaida linalozungusha hewa ya chumbani. Hewa yenyewe lazima ikaushwe kwanza. Polipropilini na polithini hazinyonyi maji na kwa kawaida hazihitaji kukaushwa, isipokuwa zimejazwa talki au kaboni nyeusi, ambazo hushika unyevu juu ya uso wake, au mifuko imetolewa kwenye ghala baridi na kufunguliwa papo hapo penye joto, umande ukatua juu ya punje.

Nasisitiza jambo moja ambalo hupuuzwa mno. Kwa polikaboneti, PET na PBT, ambayo ni ndugu wa PET, michirizi ni sehemu ndogo ya madhara. Katika joto la silinda maji hukata minyororo ya molekuli yenyewe, na minyororo iliyokatwa haiungiki tena kwa kukausha baadaye. Kipande kinaweza kutoka kikiwa kisafi machoni, bila mchirizi hata mmoja, na bado kikawa kimepoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kustahimili kugongwa. Kwa hiyo kusaga vipande vilivyoharibiwa na unyevu na kuvirudisha kwenye hopa, yaani chombo cha kulishia mashine, ni kuihamishia hasara kwenye bidhaa za kesho. Kukausha kupita kiasi nako kuna ubaya wake: nailoni iliyoachwa kwenye tanuri la hewa ya moto usiku kucha hugeuka manjano, kwa sababu oksijeni imeanza kuila.

Bidhaa huvunjika kwa urahisi

Dalili hii ndiyo yenye vyanzo vingi zaidi, na inafaa kuanza na kile ambacho si kasoro. Nailoni iliyotoka kwenye kalibu ni kavu kabisa na huvunjika kwa urahisi. Inahitaji kurudishiwa maji ili ipate ukakamavu wake wa kawaida. Nailoni ya aina ya 6, ikikaa kwenye hewa yenye unyevu wa wastani, hatimaye hubeba karibu asilimia 2.5 hadi 3 ya maji. Vifungio na gia ndogo za nailoni zinazovunjika siku ya kwanza zilowekwe kwenye maji ya moto kwa saa kadhaa kabla ya kuhukumiwa. Maji yaliyoharibu nailoni ndani ya silinda ndiyo yanayoifaa ikiwa nje.

Baada ya hapo atafutwe mgeni ndani ya mchanganyiko. Resini nyingi hazikubali kuchanganyika, hata zikiyeyuka pamoja. Polipropilini kidogo ikiingia kwenye polistairini au ABS, hukaa ndani kama matabaka yasiyoshikana, na kipande kikikunjwa kwa mkono huachana kwa magamba, hasa karibu na mahali pa kuingilia. Mabaki yaliyosagwa ndiyo mlango mkuu wa wageni hawa. Ili kuwatambua, sampuli ya vipande vilivyosagwa itiwe ndani ya maji yenye tone la sabuni, ambalo huzuia viputo vya hewa visiinue vipande vizito. Polipropilini, yenye uzito wa gramu 0.90 hivi kwa sentimita ya ujazo, na polithini, isiyofika gramu 1, zitaelea. ABS na polistairini, zenye gramu 1.04 na 1.05, zitazama polepole, na ikiwa maji yatatiwa chumvi ya kutosha zitapanda juu. Polikaboneti ya gramu 1.20, PET ya 1.38 na PVC ngumu ya karibu 1.4 zitabaki chini. Jaribio hili halitoi jibu kamili, kwa kuwa vijazio huongeza uzito na polipropilini yenye talki nyingi huzama, lakini huonyesha mara moja kama sampuli inayodaiwa kuwa ya aina moja ina aina mbili.

Chanzo cha tatu ni kitu kinachoipata bidhaa baadaye. Polikaboneti, ABS na polistairini hubaki na mkazo ndani yake zinapopoa, na zikiguswa na mafuta fulani, viyeyusho au sabuni kali hupata nyufa nyembamba zinazoanzia kwenye pembe na matundu ya skrubu. Kila kimoja, yaani mkazo peke yake au mafuta peke yake, pengine kisingevunja kitu. Hapa tiba ni kupunguza mkazo kwa kalibu yenye joto zaidi na kuta zenye unene unaolingana, au kuchagua resini nyingine.

Kwa themoseti, uimara dhidi ya kugongwa umo ndani ya kijazio. Fenoli yenye unga wa mbao hutosha kwa mishikio ya sufuria na vifuniko, lakini huvunjika ikianguka. Ikitiwa nyuzi za pamba au vipande vya kitambaa hustahimili zaidi, na ikitiwa nyuzi ndefu za kioo hustahimili zaidi ya hapo, ingawa hutiririka kwa shida na huila kalibu. Fundi anayelalamikiwa kuhusu vipande vinavyovunjika hawezi kuubadilisha unga wa mbao kuwa pamba kwa kurekebisha muda wa kuiva.

Kupinda, vishimo na vipimo visivyotulia

Plastiki zote husinyaa zikipoa, lakini si kwa kiasi kimoja. ABS, polistairini na polikaboneti, ambazo molekuli zake hazijipangi, husinyaa kwa asilimia 0.4 hadi 0.7. Polipropilini husinyaa kwa asilimia 1 hadi 2.5, na polithini nzito pengine zaidi ya hapo, kwa kuwa molekuli zake hujipanga kwa fuwele na kuchukua nafasi ndogo. Ndiyo maana kalibu iliyochongwa kwa ABS haiwezi kutoa kipande chenye vipimo sahihi kwa polipropilini, na ndiyo maana mbavu nene nyuma ya ukuta wa polipropilini huacha kishimo upande wa mbele.

Nyuzi za kioo hupunguza kusinyaa, ila hukupunguza upande mmoja kuliko mwingine. Nyuzi hujilaza kufuata mkondo wa plastiki, kwa hiyo nailoni yenye asilimia 30 ya kioo husinyaa kidogo sana kwenye mwelekeo wa mkondo na zaidi ya maradufu kukatisha mkondo. Kipande bapa huvutwa bila usawa na kupinda. Anayejaribu kukinyoosha kwa kuongeza muda wa kupooza hupoteza wakati. Linalobadilisha hali ni mahali pa kuingilia plastiki, au kuchanganya nyuzi na vijazio vya duara au bapa visivyo na mwelekeo mmoja.

Rangi nayo huhusika, jambo linalowashangaza wengi. Rangi za buluu na kijani za jamii ya fthalosianini huwa chimbuko la fuwele ndani ya polithini na polipropilini, zikabadilisha kasi na namna ya kusinyaa. Kreti ileile, kalibu ileile na mipangilio ileile hutoa kreti nyeupe iliyonyooka na kreti ya buluu iliyopinda. Kupinda kukitokea siku rangi ilipobadilishwa, uchunguzi uanzie kwenye rangi, na msambazaji wake aulizwe kama anayo isiyobadilisha usinyaaji.

Yurea na melamini huendelea kusinyaa taratibu hata baada ya kutoka kwenye kalibu. Zikiwa zimefyatuliwa kuzunguka kipande cha chuma, nyufa huweza kutokea wiki kadhaa baadaye, bidhaa ikiwa imeshamfikia mnunuzi. Ukuta unaozunguka chuma uwe mnene vya kutosha, na kipande cha chuma kisiwe na pembe kali.

Mabaka meusi, kuungua na gesi za hatari

Alama nyeusi iliyo mahali pamoja kila mara, mwisho wa mkondo au kwenye mbavu iliyofungwa, haitoki kwenye silinda. Ni hewa ya ndani ya kalibu iliyokosa njia, ikashindiliwa ghafla hadi ikapata joto la kuunguza plastiki. Njia za hewa zisafishwe, na mwendo wa kusukuma upunguzwe. Chembe nyeusi zinazotokea ovyo hutoka kwa resini iliyoganda na kuungua kwenye pembe za skrubu na nozeli, yaani mdomo wa silinda, na zitaendelea kutoka mpaka silinda isafishwe.

PVC inastahili tahadhari ya pekee. Bila vidhibiti haiwezi kufyatuliwa kabisa, kwa kuwa joto linaloilainisha liko karibu sana na joto linaloivunja, na ikivunjika hutoa gesi ya asidi ya haidrokloriki, ambayo hula chuma cha kalibu, hudhuru mapafu na huharakisha kuvunjika kwa PVC iliyobaki. Ikigeuka manjano, kisha kahawia, mashine isiachwe isimame ikiwa na plastiki ndani: isukumwe nje mara moja na joto lishushwe. Asetali, plastiki nyeupe ya gia na vifungio, hufyatuliwa karibu na nyuzi 190 hadi 210, na ikizidishiwa joto hutoa formaldehaidi, inayochoma macho. Hizi mbili zisikutane kamwe ndani ya silinda moja, hata kama mabaki, kwa kuwa asidi kutoka kwenye PVC huivunja asetali kwa kasi kubwa na shinikizo la gesi linaweza kurusha plastiki ya moto kupitia nozeli au hopa. Silinda isafishwe kikamilifu kwa polithini au polistairini kati ya moja na nyingine, na hewa ya chumba ivutwe nje.

Kunata kwenye kalibu na kufifia kwa uso

Kipande kinachonata wakati mwingine kimekosa kilainishi, lakini kwa themoseti mara nyingi zaidi hakijaiva. Kilainishi kikizidi, hukusanyika juu ya kalibu kama ukungu, hufifisha uso, na hudhoofisha mshono mahali mikondo miwili ya plastiki inapokutana. Kabla ya kupulizia dawa ya kutenganisha, kalibu isafishwe na ing'arishwe kwanza. Dawa hiyo huzuia kazi ya rangi na gundi zitakazofuata.

Bidhaa nzuri iliyochaguliwa vibaya

Yapo malalamiko ambayo hayana chanzo kiwandani. Bidhaa za fenoli hubadilika rangi kwa mwanga, zikaelekea kwenye kahawia, ndiyo maana huuzwa nyeusi au za rangi nzito. Anayetaka swichi nyeupe hutumia yurea. Kuna sababu ya pili, iliyo muhimu zaidi kwa usalama. Vumbi lenye unyevu likitanda juu ya kifaa cha umeme, cheche ndogo hupita juu ya uso wake. Uso wa fenoli huacha kaboni pale cheche ilipopita, na kaboni hiyo hupitisha umeme, ikawa njia inayoongezeka kila siku mpaka moto uwake. Yurea na melamini hustahimili hali hiyo vizuri zaidi, na michanganyiko ya poliesta yenye nyuzi za kioo na haidroksaidi ya alumini pia hustahimili, kwa hiyo hutumika kwenye vikata umeme vikubwa. Kifaa cha fenoli kilichorudishwa kikiwa na mchirizi mweusi kama tawi kati ya vituo viwili vya umeme hakikufyatuliwa vibaya. Kilipewa kazi isiyo yake.

Vivyo hivyo kwa vyombo vya mezani. Melamini iliyojazwa selulosi ni ngumu, haikwaruziki kwa urahisi na hushika rangi, lakini haifai kwenye tanuri la mikrowevu, ambako hupata joto, hupasuka na inaweza kuachia formaldehaidi. Yurea hunyonya maji zaidi na haivumilii maji yanayochemka mara kwa mara, na sahani ya yurea inayouzwa kama melamini itajitambulisha ikichemshwa: itapoteza mng'ao, kisha itapata nyufa laini kuanzia ukingoni. Mizigo yenye malalamiko ya aina hii ipimwe kwa kuchemsha sampuli kadhaa kutoka kwenye masanduku tofauti, sambamba na kipande cha melamini kinachojulikana, ndani ya chombo kimoja na kwa muda uleule.